Sukari ya Paka Mzee: Wahini Kuanza, Msikimbilie Kuongeza Dozi

Assalaam alaykum, na jioni njema kwa nyote. Swali nililoulizwa mlangoni, hata viatu sijavua, ni hili: "Daktari, paka wangu ana sukari, ndiyo basi tena?" Si basi. Paka mzee aliyegundulika na kisukari, akatibiwa vizuri, anaweza kuishi miaka, akala, akaota jua barazani, akakuamsha alfajiri kwa makelele yake kama kawaida. Wengine hufika wakaachishwa sindano kabisa. Tabu ninayoiona ni kwamba watu huchelewa kuanza matibabu, kisha wakishaanza huwa na pupa ya kuongeza dozi. Nataka muyageuze hayo mawili. Wahini kuanza, halafu muwe wazito wa kuongeza.

Kisukari cha paka kinafanana sana na kile cha aina ya pili wanachopata wazee wetu. Kongosho bado linatoa insulini, lakini mwili umekuwa mgumu kuipokea, hasa mwili ulionenepa. Sukari ikikaa juu siku nyingi, yenyewe inazidi kuliumiza kongosho, na ndani yake hujijenga masazo ya protini yaitwayo amiloidi yanayoua zile seli za kutoa insulini. Chukueni mfano wa punda aliyepakizwa hadi akaanguka njiani. Mshushe mzigo upesi, atasimama. Mwache nao mpaka kesho, huenda asiinuke tena. Insulini ya sindano katika miezi ya mwanzo kazi yake ni kushusha mzigo.

Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliotibiwa kwa insulini aina ya glajini huku wenyewe wakiwapima sukari nyumbani. Walioanza utaratibu ule ndani ya miezi 6 tangu kugundulika, asilimia 84 waliacha sindano. Walioanza baada ya hapo, asilimia 35. Wale walikuwa watu makini kupita kiasi, wanapima mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo msije kunidai 84 yenu mwezi ujao. Lakini pengo la 84 na 35 lisiwatoke akilini. Miezi ya "tumwangalie kwanza" ndiyo inayokula bahati ya paka.

Nani hasa hupata? Madume waliohasiwa, wanene, waliovuka miaka 7 au 8. Paka wa soko la Darajani anayezunguka chini ya meza za samaki ni mwembamba, kutwa yuko mbioni, na kwa bahati mbaya wengi wao hawafiki uzee huo. Wa kwenu yumo ndani, amehasiwa (na mmefanya vyema kumhasi), bakuli la biskuti za paketi halikauki, na mchana kutwa amelala juu ya kochi. Wapo pia wanaoingia kwenye sukari kwa sababu ya sindano za steroidi wanazochomwa kila wakijikuna. Paka wako akiwa na historia hiyo, itaje siku ya kwanza. Huenda daktari akiondoa ile dawa nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Dalili mnazijua kwa binadamu: anakunywa sana, anakojoa sana, anakula vizuri na bado anakonda. Huku kwetu sisimizi hutangulia kuona. Ukikuta wamejaa pale kwenye mchanga alipokojoa paka, usipuuze. Iko na nyingine ambayo watu hudhani ni uzee tu: anakanyaga kwa kisigino. Mtazameni akitembea. Paka mzima, miguu ya nyuma hutembea kwa vidole, kisigino kiko juu hewani. Mwenye sukari ya muda mrefu mishipa ya fahamu huathirika, akawa anashusha mguu wote mpaka kwenye kifundo, na kochi alilokuwa akilirukia anasimama chini analiangalia. Sukari ikitulia, wengi hurejea kusimama kwa vidole, ingawa huchukua miezi.

Hapa nawatetea paka kidogo. Umemtia kwenye kikapu, umempandisha daladala, ameshikwa na mtu asiyemjua. Sukari yake itapanda kwa hofu peke yake, wakati mwingine hadi 15 (milimoli kwa lita, mmol/L) au zaidi, na hana kisukari chochote. Kwa hiyo msikubali hukumu ya kipimo kimoja cha kidole mezani kwa daktari, hata daktari mwenyewe akiwa mimi. Kuna kipimo cha damu kiitwacho fruktosamini kinachoonesha sukari ya wiki mbili hivi zilizopita. Kikikosekana, leteni mkojo wa nyumbani, aliokojoa akiwa ametulia. Sukari ikiwemo na kwenye huo mkojo, pamoja na dalili, hapo tunazungumza. Na daktari aangalie meno, figo na mkojo kama una maambukizo. Jino bovu tu laweza kuifanya insulini ionekane haifanyi kazi.

Sasa chakula, na hapa najua nitagombana na watu. Paka ni mla nyama. Mwili wake haukuumbwa kwa wali. Tumewazoesha wenyewe: wali na mchuzi uliobaki, ugali uliovurugwa na dagaa, na anakula kwa sababu vinanukia samaki. Biskuti za paketi nazo, hata za bei kali, zina wanga mwingi, maana bila wanga ile punje haishikamani. Paka mwenye sukari anataka protini nyingi na wanga kidogo sana. Chakula cha kopo kilicho laini ndicho chepesi kukipata kwa mizani hiyo. Asiyeimudu kopo kila siku achemshe samaki au kuku bila chumvi, bila kitunguu, bila thomu. Kitunguu humharibia paka damu, kwa hiyo mchuzi wetu haumfai hata angekuwa mzima.

Lakini msimpe samaki mbichi kila siku, kwani baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Moto unakimaliza. Wala minofu mitupu miezi na miezi, kwa sababu haina kalisi ya kutosha. Dagaa wazima wasio na chumvi, pamoja na mifupa yao, wanasaidia upande huo. Ini kidogo sawa, ini kila siku hapana. Akiwa na figo mbovu mambo yanabadilika tena, mpangeni na daktari.

Na jambo la hatari: ukimwondolea wali ghafla huku unaendelea na dozi ileile ya insulini, sukari itashuka kuliko ulivyotarajia. Chakula na sindano vibadilishwe kwa kupeana habari. Na paka mnene asikoseshwe chakula eti apungue. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta huvamia ini, ukawa na ugonjwa wa pili.

Kuhusu dawa. Insulini hudungwa mara 2 kwa siku, kila saa 12, pamoja na chakula. Saa zetu za Kiswahili zimekurahisishieni: saa 12 asubuhi, saa 12 jioni, basi. Isipokuwa Ramadhani, maana saa 12 jioni jikoni hakushikiki. Mimi huwashauri wasogeze taratibu siku chache kabla, wafanye saa 11 na nusu alfajiri baada ya sala na saa 11 na nusu jioni kabla ya futari. Kinachotakiwa ni nafasi ya saa 12 ibaki.

Paka wengi huanza na yuniti 1 hivi kila mara, kutegemea uzito. Yuniti moja! Ni tone. Ndiyo maana nataka mlitazame bomba la sindano kwa makini. Insulini za watu kama Lantus (hiyo ndiyo glajini) zina yuniti 100 katika mililita moja. Caninsulin ya wanyama ina 40. Kila moja ina bomba lake, na mistari haifanani. Ukivuta Lantus kwa bomba la 40 hadi mstari wa 1, umempa paka yuniti 2 na nusu. Umemzidishia zaidi ya mara mbili na mkono wako umefuata maagizo barabara. Iko na Toujeo, ni glajini vilevile lakini ina 300. Kabla ya kutoka famasi, soma chupa, soma bomba, namba zilingane.

Watu wameniuliza pembeni kuhusu nguruwe. Ndiyo, Caninsulin asili yake ni kongosho la nguruwe. Glajini hutengenezwa maabara kwa bakteria. Hukumu yake waulizeni masheikh. Mimi nasema tu kwamba chaguo lipo, na glajini kwa paka ninaipenda zaidi hata bila swali hilo, kwa sababu inashusha taratibu na inakaa mwilini muda mrefu.

Ile insulini ya bibi iliyomo kwenye friji msiiguse, na vidonge vyake vya metformini msimpe paka. Tokea Disemba 2022 Marekani imeruhusu kidonge cha paka kiitwacho Bexacat, na Agosti 2023 ikafuata dawa ya maji, Senvelgo. Zote hutoa sukari kwa njia ya mkojo, hupewa mara 1 kwa siku, na ni kwa paka ambaye hajawahi kudungwa insulini na bado anakula vizuri. Sina dawa hizo kabatini kwangu. Atakayetumiwa na jamaa kutoka nje asimpe kabla hajanipigia simu, kwa sababu damu yaweza kujaa ketoni, ile asidi ya mwili unaochoma mafuta badala ya sukari, huku kipimo cha sukari kinaonesha mambo mazuri.

Sasa ile pupa. Sukari iliyopanda haimuui paka leo. Iliyoshuka sana inamuua leo. Mkilishika hilo, mengine yote mtayapatia. Anayumba, anatazama ukutani, ana njaa ya ghafla au amelegea kama kitambaa, baadaye anatetemeka na kupiga degedege. Mpe chakula ikiwa anaweza kumeza. Kama hawezi, mpake asali kwenye ufizi kwa kidole, upande wa nje wa meno, usipitishe kidole baina ya meno, kisha njooni. Asali iwe jirani na dawa siku zote.

Kwa hiyo: dozi haiongezwi kabla ya siku 5 hadi 7 kupita, na haiongezwi kwa sababu ya kipimo kimoja kibaya. Hukumbuki kama umedunga? Usidunge. Umedunga ukaona manyoya yamelowa na yananuka dawa? Usirudie, subiri zamu inayofuata. Mume amedunga na mke amedunga, hilo nimeliona zaidi ya nyumba moja, tena nyumba za watu wasomi. Bandikeni karatasi kwenye mlango wa friji, anayedunga atie alama. Amekataa kula kabisa? Nipigie kwanza. Akikataa kula, akatapika na pumzi ina harufu ya asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni dharura hata kama ni usiku.

Mashine ya kupimia sukari ya bibi, hiyo ndiyo mwaweza kuazima. Kwa damu ya paka mashine za watu mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli, lakini mwenendo utauona. Pasha sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, toboa pembeni mwa ncha, karibu na ule mshipa mwembamba wa ukingoni. Tunataka pale inaposhuka zaidi iwe baina ya 5 na 8. Kwa paka mgeni wa sindano, ukikuta iko chini ya 10 kabla ya kudunga, simu kwanza.

Na umeme. Insulini huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande, isigusane na ukuta wa barafu. Lantus iliyokwisha funguliwa huvumilia siku 28 chini ya nyuzi 30, lakini Januari na Februari za kaskazi, chumba gani Mji Mkongwe kiko chini ya nyuzi 30 mchana? Waliokuwapo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanaijua miezi ile ya kiza. Chombo cha udongo kilicholowa maji, kikawekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto vya kutosha kuiokoa dawa kwa siku chache. Itieni dawa kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko ndani yake, isilowe.

Wanaosafiri kwenda Pemba kila mwezi, tafuteni mtu wa kudunga kabla hamjaanza, jirani au kijana wa nyumba ya pili, na mje naye hapa.

Nimeleta mabomba yasiyo na dawa na maji ya chumvi, yako mezani pale, na machungwa ya kujifunzia kudunga yamo kwenye kapu. Njooni watano watano. Kamata ngozi ya ubavuni, siyo shingoni kila siku, iinue iwe hema dogo, sindano iingie chini ya hema kwa ulalo, sukuma, hesabu tatu, toa. Wenye miwani ya kusomea ivaeni, ile mistari ya nusu yuniti haionekani bila miwani.