Bango Moja, Mikono Mingi: Karakana za Uchapaji za Wachikano

Shikamooni walimu wangu. Wanafunzi, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie uchapaji wa skrini katika sanaa ya Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko ambao tangu miaka ya 1960 walisimama kudai haki zao mashambani, shuleni na mitaani. Nitaanzia shambani, kwa sababu sanaa hii haikuzaliwa katika nyumba za maonyesho.

Tarehe 8 Septemba 1965, wachuma zabibu wa Delano, California, waligoma. Walioanza walikuwa Wafilipino chini ya Larry Itliong, na siku chache baadaye chama cha vibarua wa mashambani cha César Chávez na Dolores Huerta kikaungana nao. Mgomo ule ulikwenda miaka mitano. Silaha yao kubwa ilikuwa kuwasihi watu wa mijini waache kununua zabibu. Sasa mchuma zabibu wa Delano atamfikiaje mama anayenunua matunda New York? Gazeti hana, redio hana. Ana bango.

Wachuma zabibu wale walikuwa na bendera nyekundu yenye tai mweusi ndani ya duara jeupe. Tai huyo alichorwa mwaka 1962, na Richard Chávez, nduguye César, ndiye aliyempa umbo lake: mabawa yenye pembe kama ngazi, ili mtu yeyote aweze kumchora au kumshona nyumbani. Kwangu mimi, hapo ndipo harakati ile ilipochagua njia yake ya sanaa. Walichora kitu ambacho mkono usiosomea unaweza kukirudia.

Skrini inakwenda na fikra hiyo hiyo. Wengi wenu mmeiona kwa mafundi wanaochapa fulana za kampeni na za misiba, kwa hiyo sitakaa sana kwenye ufundi. Una fremu ya mbao na kitambaa chenye matundu madogo kilichovutwa kikakaza. Zamani hariri, siku hizi poliesta. Unaziba sehemu usizotaka zipitishe wino, unamwaga wino upande mmoja, unauvuta kwa ubao wenye ukingo wa raba. Karatasi iliyo chini inapata rangi moja. Ukitaka rangi nne, utaandaa skrini nne, na kila karatasi itarudi mezani mara nne, ikae palepale ilipokaa mwanzo. Ikisogea kidogo tu, jicho la sura unayochapa linaangukia shavuni.

Kazi hiyo mtu mmoja anaiweza, lakini itamchosha. Wakiwa watatu au wanne, inakwenda. Mmoja anavuta wino, mmoja anaweka na kutoa karatasi, mmoja anazitundika zikauke, mwingine anaosha skrini kwa thina. Katikati ya kazi hiyo watu wanazungumza, wanabishana maneno ya bango, kijana anajifunza kwa kumtazama mkubwa. Ndiyo maana nasema karakana yenyewe ilikuwa nusu ya sanaa ya Wachikano. Anayeyatazama mabango yale leo ukutani mwa makumbusho anaona nusu iliyobaki.

Hawakuanza bila urithi. Meksiko kulikuwa na Taller de Gráfica Popular, karakana ya wachapaji iliyoanzishwa mwaka 1937 na Leopoldo Méndez na wenzake. Ilitoa mabango ya vyama vya wafanyakazi na vita dhidi ya ufashisti, na miaka ya 1940 ikampokea Elizabeth Catlett, msanii mweusi kutoka Marekani. Kabla yao alikuwepo José Guadalupe Posada, aliyechora mifupa ya watu ikicheza na kuwacheka wakubwa. Mifupa hiyo mtaikuta tena baada ya muda mfupi.

Kule Sacramento, José Montoya na Esteban Villa waliokuwa wakifundisha chuoni walianzisha kikundi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Herufi za jina lake, RCAF (Rebel Chicano Art Front), zilifanana na za jeshi la anga la Kanada. Watu walipouliza, wao wakasema naam, sisi ni jeshi la anga la Wachikano, wakavaa kofia na makoti ya marubani. Nyuma ya utani huo palikuwa na kazi ngumu. Walichapa mabango ya wakulima waliogoma, ya chakula cha asubuhi cha watoto, ya dansi za mtaani. Pia waliwatoa wanafunzi chuoni wakawapeleka kwenye kituo cha mtaa kufanya sanaa pamoja na watoto na wazee. Ningependa sana kuona chuo chetu kimoja kikifanya hivyo.

Karakana ninayoipenda zaidi iko mashariki ya Los Angeles. Mwaka 1970 mtaa ule ulikuwa na jeraha: tarehe 29 Agosti maelfu waliandamana kupinga vita ya Vietnam, polisi wakawavamia, na mwandishi wa habari Rubén Salazar akauawa. Mwaka huohuo mtawa Mfransisko, Sista Karen Boccalero, alianza kuchapa katika gereji pamoja na wasanii kadhaa, wakiwemo Carlos Bueno na Antonio Ibáñez kutoka Meksiko. Uchapaji alikuwa amejifunza kwa Corita Kent, mtawa mwingine aliyegeuza maneno ya matangazo ya biashara kuwa mahubiri ya rangi. Gereji ile ikawa Self Help Graphics & Art. Wakarudisha mtaani sherehe ya Kimeksiko ya Siku ya Wafu, na katikati ya miaka ya 1970 wakawa na gari lililokwenda shuleni na vichochoroni likibeba vifaa vya sanaa. Asiyeweza kufika karakanani, karakana ilimfuata.

Mwaka 1982 wakamwalika Gronk, msanii Mchikano wa Los Angeles, na kutoka hapo ukaanza mpango wa kumleta msanii afanye kazi na mchapaji bingwa, watoe nakala chache za hali ya juu, zigawanywe kati ya msanii na kituo. Wapo waliosema bango limeuacha mtaa likahamia kwa matajiri. Hoja hiyo naiheshimu, ila sikubaliani nayo. Nakala zile zililipa wino na mishahara, na wachoraji wa kuta na wa rangi za mafuta ambao hawakuwahi kugusa skrini wakaishika.

Na ukali haukupotea. Mwaka huohuo wa 1982 Ester Hernández alichapa “Sun Mad”. Alizaliwa Dinuba, katika bonde lenye mashamba ya zabibu, kwenye familia ya vibarua, na baadaye akaja kujua kuwa maji ya kwao yalikuwa na sumu za mashambani. Akachukua picha ya pakiti ya zabibu kavu za Sun-Maid inayojulikana na kila mtoto wa Marekani, msichana mwenye kofia nyekundu na kikapu, akamgeuza mifupa. Kofia ipo, kikapu kipo, uso ni fuvu. Hapo ndipo mifupa ya Posada inaporudi. Chini ameandika aina za sumu. Hakuna hotuba iliyowahi kunieleza habari za viuatilifu kwa ukali kama karatasi ile.

Hapa kwetu, miaka hiyohiyo ya 1970, mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, akina George Lilanga na Robino Ntila wakapata pa kufanyia kazi. Jengo lile halipo tena. Self Help nao walionja kitu cha namna hiyo: nyumba waliyokaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa mali ya kanisa, ikauzwa mwaka 2008, nao wakahamia mtaa wa Boyle Heights mwaka 2011. Walihama na skrini zao. Nakala nyingi za kazi zao zilikuwa tayari zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kwa hiyo wale wawili walioniambia asubuhi wanataka kufungua karakana, nawaombeni mambo mawili kabla ya kununua fremu: someni vizuri mkataba wa pango, na kila bango mtakalochapa wekeni nakala pahali pakavu, nje ya karakana.

Nimekuja na fremu, wino na karatasi, viko meza ile ya nyuma. Maswali nitayajibu tukiwa tunachapa.