Maziwa ya Mimea: Tunanunua Nini Hasa?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na msimamo wangu, ili anayetaka kunipinga ajue pa kunikamatia: maziwa ya mimea si kitu kimoja. Kuna ya soya, ya lozi, ya oti, ya mchele, ya korosho, na kwa upande wa protini, soya iko karibu zaidi na ng'ombe kuliko ilivyo karibu na mchele. Lakini soko limeyapanga yote kwenye rafu moja, nasi tunachagua kwa ladha. Hilo linanisumbua, na nitaeleza kwa nini.

Biashara hii ilianza na njaa. Mwaka 1940 huko Hong Kong, K.S. Lo alianza kuuza Vitasoy, kinywaji cha soya, akiwalenga watu waliokosa protini na ambao maziwa ya ng'ombe yalikuwa ghali mno kwao. Shabaha ilikuwa lishe tangu siku ya kwanza. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu huko mbele shabaha ilihama.

Oti ilikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1990, mtafiti Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alikuwa akitafuta kinywaji kwa ajili ya watu wasioweza kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Na hao si wachache: takriban theluthi mbili ya wanadamu hupungukiwa na uwezo huo baada ya utotoni. Njia yake ilikuwa ya werevu. Oti husagwa na maji, kisha huongezwa vimeng'enya vinavyoukatakata wanga kuwa sukari iitwayo maltosi. Ndiyo maana kinywaji hicho ni kitamu hata pale ambapo hakuna sukari iliyotiwa. Mwenye kisukari alijue hili.

Kilichokivumisha kinywaji hicho ni kahawa. Kinatoa povu zuri, hakikatiki, na wauza kahawa wakakipenda. Fedha zikafuata. Mwaka 2017 kampuni ya vyakula ya Danone ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya WhiteWave, yenye chapa za maziwa ya mimea za Silk na Alpro, kwa mabilioni ya dola. Mei 2021 Oatly, kampuni ya maziwa ya oti, iliingia soko la hisa la Nasdaq kwa dola 17 kwa hisa, kampuni nzima ikithaminiwa kwa takriban dola bilioni 10. Kufikia mwaka 2023 hisa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola moja. Watu hawakuacha kunywa. Wawekezaji ndio waliokuwa wamelipia ndoto.

Kuhusu mazingira sina ubishi. Utafiti mkubwa wa Poore na Nemecek wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa lita moja ya maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 3 za gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, na hutumia maji lita 628. Soya hutoa kilo moja hivi, na maji yake ni lita 28. Lozi inahitaji lita 371, na sehemu kubwa ya lozi za dunia hulimwa California, jimbo linalopigwa na ukame mara kwa mara. Kwa hiyo hata hapa, ni lazima uulize: mmea gani?

Sasa turudi kwenye lishe. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina protini gramu 8 hivi, na cha soya hukaribia hapo. Cha lozi kwa kawaida kina gramu moja tu, na cha mchele mara nyingi hakifiki hapo. Ndiyo sababu mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 hadi 2025 uliikubali soya iliyoongezwa virutubisho kuwa mbadala wa maziwa, ukayaacha mengine. Mtu mzima anayekula maharage na mayai hataumia. Mtoto ataumia. Madaktari wameandika kuhusu watoto wachanga waliopata kwashakoo katika nchi tajiri kwa sababu walilishwa kinywaji cha mchele badala ya maziwa, na wazazi wao waliamini wanawapa kitu bora. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa vinywaji hivi badala ya maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga. Nasema hivyo bila kupunguza makali.

Mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilizuia bidhaa za mimea kuuzwa kwa jina la maziwa, isipokuwa chache. Kwangu, ugomvi huo wa jina umepoteza muda mwingi. Rasimu ya mwongozo iliyotolewa mwaka 2023 na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikaribia zaidi kiini: jina liruhusiwe, lakini kampuni zishauriwe kueleza kwenye pakiti virutubisho vinavyopungua. Zishauriwe tu! Mimi nataka iwe lazima, gramu za protini ziandikwe mbele ya pakiti kwa tarakimu kubwa, pamoja na onyo kuhusu watoto wachanga. Na ielezwe pia kwamba kalsiamu inayoongezwa huzama chini, hivyo pakiti itikiswe kabla ya kumimina, la sivyo sehemu yake hubaki humo na kutupwa.

Naona mikono imeshanyooshwa. Karibuni kwa maswali.