Anataga Kinamasini, Anakula Shambani

ZAITUNI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Kaka Musa, leo tunaongelea korongo taji, yule aliye katikati ya bendera yetu ya Uganda.

MUSA: Yuko pale tangu 1962, dada, na timu yetu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Buganda kuna ukoo mzima ambao mwiko wake ni ng'aali, yaani korongo huyuhuyu. Halafu mwaka 2012 akaingizwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Mimi hilo linaniuma.

ZAITUNI: Linauma kweli. Na wengi hudhani akiwekewa hifadhi na askari basi amepona.

MUSA: Hifadhi haimtoshi. Huyu anataga kwenye vinamasi, ndani ya mafunjo na nyasi ndefu, kisha anakwenda kula mashambani: panzi, nyungunyungu, karanga, mahindi yanayochipua. Kule Kabale na Rukiga, kusini magharibi mwa nchi, vinamasi vingi vya mabondeni vilikaushwa, vikapandwa viazi au vikawa malisho ya ng'ombe. Kiota kikiwa hatua chache kutoka tuta la viazi, mwenye uamuzi ni mkulima.

ZAITUNI: Ndiyo maana nawapenda hawa wanaojitolea kuhesabu na kulinda korongo vijijini, hasa akiwa mtoto wa kijiji hichohicho. Anajua kiota kiko kwa nani. Anaanza na salamu, anaulizia ng'ombe, ndipo anaomba: mzee, hizi nyasi za kando tusizifyeke kwanza, tungoje mwezi hivi mayai yaanguliwe.

MUSA: Mwezi tu? Hapo nakupinga. Kuatamia ni mwezi, sawa. Lakini makinda hutoka kiotani mapema sana wakatembea na wazazi wao, na kuruka bado hawawezi kwa miezi miwili, hata mitatu. Muda wote huo wanapita kwa miguu katikati ya mbwa, ng'ombe, na watu wanaotaka kuwakamata wakawafuge. Anayejitolea atakuja kuhesabu aondoke. Mkulima yuko pale kutwa.

ZAITUNI: Na mbegu zinazofukuliwa je? Mtu amenunua mahindi kwa pesa yake, asubuhi anakuta mstari mzima umeliwa. Huyo usimwambie habari za bendera!

MUSA: Simwambii. Namwambia nitakuja kuwinga naye. Hatari ni zile siku mbegu zinapochipua. Mche ukishapata nguvu, korongo anabaki kumlia mkulima wadudu. Anayejitolea akishika zamu siku hizo, mkulima hana sababu ya kutega sumu.

ZAITUNI: Maana sumu haichagui. Itaua korongo, njiwa, kuku wa jirani, na kuna atakayeokota ndege aliyekufa ampike.

MUSA: Hapo imeshaingia kwenye sufuria ya watu.

ZAITUNI: Basi nyinyi mlioko kandokando ya vinamasi, mkiona korongo wawili hawabanduki mahali pamoja, msifyeke hapo. Mwambieni anayehesabu ndege kijijini kwenu.

MUSA: Na mbwa wafungwe mpaka makinda waruke.