Kwasetini Inapoingia Kwenye Damu

Ndugu walimu na wanafunzi, kwa kuwa tumekutana hapa Mbeya, sina haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Majani mabichi ya chai ya Rungwe yamejaa katekini, na vitunguu vinavyotoka Ruaha Mbuyuni vina kwasetini, ambayo imerundikana zaidi katika yale maganda makavu tunayoyatupa jalalani. Zote mbili ni za jamii ya flavonoidi, yaani kemikali za asili zinazotengenezwa na mimea. Ninalotaka tulitazame leo ni kwamba zikishavuka ukuta wa utumbo, hubebwa na nani?

Mbebaji mkuu ni albumini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo katika lita moja ya plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, huwa gramu 35 hadi 50. Ni mnyororo wa asidi amino 585 uliojikunja katika sehemu tatu, na ndani ya mikunjo hiyo mna vifuko ambavyo kuta zake hazipatani na maji. Kwasetini, ambayo yenyewe huyeyuka majini kwa shida, hupata hifadhi humo, hasa katika kifuko cha sehemu ya pili, ambamo pia hukaa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mshiko huo si wa kudumu: molekuli huingia na kutoka, na ile iliyo huru kwa wakati huo ndiyo inayoweza kupenya kwenye seli.

Tumeyajuaje haya? Katika mnyororo wote huo mna asidi amino iitwayo triptofani moja tu, iliyo katika nafasi ya 214, nayo imekaa jirani kabisa na kifuko hicho. Mtafiti angeomba nini zaidi? Ukiimulika kwa mionzi ya urujuanimno ya nanomita 295, hutoa mwanga wake hafifu, na kadiri unavyoongeza kwasetini ndivyo mwanga huo unavyofifia, hata ukaweza kukokotoa nguvu ya mshiko. Lakini kwasetini yenyewe hufyonza mionzi, kwa hiyo asiyesahihisha hesabu yake atadhani mshiko ni mkubwa kuliko ulivyo.

Kasoro nyingine hunisumbua zaidi. Vipimo vingi hufanywa kwa kwasetini safi ya chupani, ilhali utumbo na ini huibandika asidi ya glukuroni au salfeti kabla haijasambaa mwilini. Asidi ya glukuroni hupenda maji, na kwa kawaida hulegeza mshiko.

Wengi huniuliza kama mgonjwa anayetumia warfarini aache vitunguu, kwa hofu kwamba kwasetini itaifukuza dawa kwenye kifuko chake. Ndani ya neli ya maabara ushindani huo huonekana. Katika damu ya mtu aliyekula mlo wa kawaida, hata hivyo, kwa kila molekuli moja ya kwasetini kuna mamia ya albumini, kwa hiyo nafasi hazigombaniwi. Vidonge vyenye kwasetini iliyokolezwa ni habari nyingine, na mgonjwa huyo amweleze daktari wake kabla ya kuvimeza.