Barafu Inatembea, na Rada Inaiona Gizani

(Mhadhara wa jioni kwa wanafunzi na wakazi, Nyegezi, Mwanza)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Wabeja sana kwa kunialika.

Najua yupo mtu aliyesoma tangazo pale mlangoni akajiuliza: barafu ya ncha ya kusini na Mwanza wapi na wapi? Swali ni halali na nitalijibu, ila si sasa hivi. Kwanza tuangalie picha ya hapa hapa nyumbani.

Hii iliyopo ukutani ni Ghuba ya Mwanza kama inavyoonekana na rada ya setilaiti. Haina rangi. Pale peusi tii ni ziwa. Vilima vyetu vya mawe vinang'aa upande mmoja, upande wa pili vina kivuli. Igogo na Mabatini ni weupe mtupu, kwa sababu ya kuta na mabati. Vile vinukta vikali karibu na gati ni meli, maana chuma kinarudisha mawimbi ya rada kwa nguvu. Na huu ukijivu uliojibanza kwenye vihori? Wavuvi mmeshaujua: magugu maji.

Kwa nini ziwa liwe jeusi? Rada hurusha mawimbi kwa mshazari, kisha husikiliza kinachorudi. Ukimulika tochi kwenye kioo kwa mshazari, mwanga unakwenda zake upande wa pili, wewe uliyeshika tochi hupati kitu. Maji yaliyotulia hufanya vivyo hivyo. Magugu yana majani na vikonyo, yanayatawanya mawimbi, mengine yanarudi yalikotoka. Lakini tahadhari: upepo ukivuma ziwa linakwaruzika na kuanza kung'aa. Ukichukua picha ya siku ya upepo mkali bila kuangalia hali ya hewa, utaripoti kwamba magugu yamefunika nusu ya ghuba, na watu watakucheka.

Sasa twende kusini. Antaktika ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 14. Ipange Tanzania karibu mara kumi na tano ndipo uipate. Karibu bara lote limefunikwa na barafu yenye unene wa wastani wa kilomita mbili hivi, na mahali pengine inakaribia kilomita tano. Pale kwenye ncha yenyewe jua likishazama halionekani kwa miezi sita. Kamera ya kawaida ikipita juu wakati huo inapiga giza, na likija jua, yanakuja na mawingu. Rada haina shida hiyo. Mwanga ni wake mwenyewe, mawingu inayapenya, na usiku na mchana kwake ni sawasawa. Ndiyo maana ramani nzuri za barafu ya kule ni kazi ya rada.

Ramani ya kwanza kamili ya rada ilipatikana mwaka 1997, na namna ilivyopatikana inafurahisha. Wakanada walikuwa na setilaiti yao, RADARSAT-1, iliyorushwa Novemba 1995. Ilijengwa kutazama upande wake wa kulia, kwa hiyo eneo la kati la Antaktika lilikuwa nje ya upeo wake. Wakaigeuza. Chombo kiko kilomita zipatazo 800 angani, hakuna fundi wa kukifuata kikikwama, nao wakakizungusha kitazame kushoto. Septemba na Oktoba mwaka huo, kwa kazi kuu ya siku 18, kikalipiga bara zima. Kenneth Jezek wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, aliongoza watafiti walioziunganisha picha hizo kuwa ramani moja, kila nukta ya ramani ikionyesha eneo la mita 25 kwa 25.

Kwenye ramani ile kulionekana mambo ambayo jicho lisingeyaona hata ukisimama pale pale. Theluji ikiwa baridi na kavu, mawimbi ya rada huingia ndani mita kadhaa kabla ya kurudi. Kwa hiyo nyufa zilizofukiwa na theluji zikajitokeza. Ikajitokeza pia mito ya barafu inayoanzia mamia ya kilomita ndani ya bara, upande wa mashariki, ambako wengi walidhani barafu imetulia tu. Theluji iliyoanza kuyeyuka ni habari nyingine: maji yanayameza mawimbi na picha inakuwa nyeusi. Hilo nalo lina faida yake, kwa sababu unaweza kujua barafu imeanza kulowa lini na wapi.

Lakini ukiniuliza mimi, uzuri wa rada haumo kwenye picha moja, hata iwe nzuri vipi. Umo kwenye picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa siku tofauti. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Wimbi la rada ya Sentinel-1, setilaiti za Ulaya, lina urefu wa sentimita 5.6. Linakwenda, linagonga barafu, linarudi. Chombo kinapima nguvu iliyorudi, na kinapima pia wimbi limerudi likiwa kwenye hatua gani ya mpando na mshuko wake. Setilaiti ikipita tena baada ya siku 12, kama barafu imeisogelea au imerudi nyuma kwa sentimita 2.8, wimbi linakuwa limepoteza au limeongeza mzunguko mmoja mzima. Nusu ya 5.6, kwa sababu njia ni ya kwenda na kurudi. Kompyuta inaziweka picha mbili pamoja na kuchora michirizi ya rangi: kila mchirizi ni sentimita 2.8. Sentimita, jamani, kutoka umbali wa karibu kilomita 700!

Tazama huu mfano niliouchora. Huku barafu imekaa juu ya mwamba. Huku inaelea baharini, bado imeshikamana na ile ya bara. Bahari ikijaa, sehemu inayoelea inanyanyuka, ikipwa inashuka. Iliyokaa juu ya mwamba haipandi. Kati yake kuna mkunjo, na kwenye mkunjo michirizi inabanana kama mlivyoona, ukanda mwembamba wa rangi. Hapo ndipo barafu inapoachana na mwamba. Hakuna mtu aliyechimba, hakuna aliyepiga kambi, na mstari umechorwa. Halafu urudie baada ya miaka. Kwenye barafuto, yaani mto wa barafu, wa Pine Island, magharibi mwa Antaktika, mstari huo ulirudi nyuma kilomita 31 kati ya 1992 na 2011. Zaidi ya kilomita moja na nusu kwa mwaka, kwa kitu ambacho watu wanakiita kigumu.

Mwaka 2011 mtafiti wa barafu Eric Rignot na wenzake walitoa ramani ya mwendo wa barafu ya Antaktika yote, kwa kuunganisha data za setilaiti za Ulaya, Kanada na Japani. Katikati ya bara barafu inasogea sentimita chache kwa mwaka. Kwenye mito yake inayoshuka baharini, kilomita kadhaa. Grinlandi ndiko kuna mbio zaidi: barafuto ya Jakobshavn mwaka 2012 ilifika mwendo wa kilomita 17 kwa mwaka, yaani zaidi ya mita 45 kila siku.

Mtauliza, ikienda kasi kuna ubaya gani? Mwanzoni mwa 2002, huko Antaktika, barafu inayoelea iitwayo Larsen B ilisambaratika. Kilomita za mraba zipatazo 3,250, katika muda wa mwezi mmoja na siku chache. Yenyewe haikupandisha bahari, maana ilikuwa inaelea tayari. Lakini ilikuwa imezizuia barafuto zilizoko nyuma yake, na kizuizi kilipotoka, rada ilionyesha baadhi yake zikielekea baharini kwa kasi iliyozidi ya awali mara kadhaa. Hiyo ndiyo inayoongeza maji.

Sasa swali la pale mlangoni. Ziwa letu halitapanda hata sentimita moja kwa sababu ya Antaktika. Tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mafuriko ya 2020, yale yaliyoingia kwenye nyumba za watu ufukweni, yalitokana na mvua za ukanda wetu. Tusichanganye mambo. Lakini ndugu zetu wako Dar es Salaam, Zanzibar na Rufiji, na bandari inayotuletea mafuta iko huko. Na kuna jambo moja ambalo wengi halijawafikia. Barafu nyingi kiasi kile ina uzito unaoyavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto unapungua, na maji yaliyokuwa yamekusanyika jirani yanaachiliwa. Bahari iliyo karibu na barafu hushuka. Iliyo mbali hupanda kuliko wastani. Sisi wa ikweta ndio tulio mbali. Kusema barafu ya watu wa baridi ni shida ya watu wa baridi ni kuiambia fizikia ifuate pasipoti.

Na setilaiti ni zile zile. Sentinel-1 inayopima barafu ndiyo iliyopiga hii picha ya Ghuba ya Mwanza. Data zake zinatolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kinachoniudhi kidogo ni mtu wa mazingira kusubiri ripoti iandikwe nje ili ajue magugu ya ziwa lake yamefika wapi.

Maswali. Ndiyo, binti wa pale nyuma. Anauliza mwanafunzi aanzie wapi. Anzia hapa hapa, mwanangu, barafu baadaye. Chukua picha mbili za ghuba, moja ya siku ya upepo na moja ya siku shwari, uone zinavyotofautiana kabla hujaanza kutafuta magugu. Ukishaweza hilo, ndipo uingie kwenye ile michirizi ya rangi. Programu za kuchakata zipo za bure. Ila nikuonye mapema: faili moja la kawaida linakaribia gigabaiti moja, na lile lenye taarifa za hatua za wimbi linapita nne. Kwa bando la simu utalia. Njoo na diski tupu, nitakunakilia.