Ngano ya Nani? Kanisa la San Xavier del Bac na Chokaa ya Babu

RUKIA: Kwako saa ngapi, Kaka Fidelis?

FIDELIS: Saa tano asubuhi, Dada Rukia. Mama yuko jikoni anachambua maharage, kwa hiyo wasikilizaji wakisikia sufuria, ndiye yeye.

RUKIA: Mwambie namwamkia, shikamoo yake. Malindi ni saa tatu usiku, na feni nimeizima ili sauti itoke vizuri. Joto lake acha tu. Haya, leo tulipanga kanisa, na mwishoni nimeandika mambo matatu ya kumsaidia mwenye nyumba ya kale. Anza wewe, maana ni wewe uliyekwenda.

FIDELIS: Jumapili nilimpeleka Mama kusali San Xavier del Bac. Ni kama kilomita 16 kusini mwa mji wa Tucson, jimbo la Arizona hapa Marekani, ndani ya ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili. Miaka yote niliyokaa Arizona nalipita barabarani, jeupe pee katikati ya jangwa, sijawahi kuingia. Mama siku yake ya nne tu hapa akaniambia, "Fidelis, lile kanisa lina mnara mmoja na nusu. Nipeleke nikalione."

RUKIA: Mmoja na nusu!

FIDELIS: Ndivyo lilivyo. Mnara wa magharibi una kuba yake kamili, wa mashariki umekatikia kabla ya kuba. Wenyeji wanasimulia kwamba fundi alianguka kutoka juu akafa, akageuka nyoka, yule wa njuga mkiani, na mpaka leo anaishi mle mnarani. Wengine wanasema jengo ambalo halijaisha halikutozwa kodi. Mimi naona pesa ziliisha, basi.

RUKIA: Tutafika kwenye pesa. Kwanza niambie, Mama alikiinua kichwa? Tangu Jumapili uliponitumia ile picha nasubiri.

FIDELIS: Ngoja kwanza, kuna ambao hawajui kichwa gani. Ukiingia, mkono wa kushoto kuna sanamu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari ambaye kanisa limepewa jina lake, amelala chali, amefunikwa shuka. Kwenye shuka watu wamebana kwa pini vipande vidogo vya chuma, kimoja umbo la mguu, kingine moyo, kingine jicho, na picha za wagonjwa wao. Unapanga foleni, ukifika unainua kichwa chake. Wanaamini kikikushinda, kuna jambo hujatubu.

RUKIA: Na mimi hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu huyo ni mgeni wetu. Mwaka 1542, meli yake ikielekea Goa, India, ilitia nanga hapa Malindi. Kuna mtu alifia melini, wakamzika huku. Kile kikanisa cha Wareno kiko karibu na bahari, kuta nyeupe, paa la makuti, nakipita kila nikienda kwa shangazi. Na Ksaveri mwenyewe aliandika kwenye barua yake kwamba mzee mmoja Mwislamu wa hapa alimlalamikia: misikiti ya mji ni 17, inayosaliwa ni mitatu tu.

FIDELIS: Miaka karibu 500 iliyopita wazee walikuwa wanalia na vijana.

RUKIA: Wallahi, ungedhani ni Ijumaa iliyopita. Lakini Amerika hakufika, si ndiyo?

FIDELIS: Hakukanyaga kabisa. Alifariki 1552. Jina lilipelekwa na padri Eusebio Kino, wa shirika la mapadri la Wayesuiti, mzaliwa wa upande wa Trento, Italia ya leo. Alifika kijiji cha Wa:k, hapohapo lilipo kanisa, mwaka 1692, akakuta watu wana mashamba yao kando ya mto Santa Cruz. Mwaka 1700 akaweka msingi wa kanisa, lakini hilo si hili tunaloliona. Mwaka 1767 mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania akawafukuza Wayesuiti wote katika himaya yake, wakaja mapadri wa shirika jingine, Wafransisko. Hili kanisa wameanza kulijenga 1783, likakamilika 1797. Kwenye mlango mmoja wa sakristia, chumba anachovalia padri, kuna jina limechongwa, Pedro Bojorquez, na mwaka 1797.

RUKIA: Bila mnara wa pili.

FIDELIS: Bila mnara wa pili. Sasa sikia alichouliza Mama. Tumetoka nje, kuna mzee anawaelezea wageni, anasema Wahispania walilijenga. Nikamtafsiria. Mama akaliangalia lile jengo kuanzia chini mpaka juu, akauliza, "Wahispania wangapi?"

RUKIA: Mama yako nampenda.

FIDELIS: Nikamtafsiria yule mzee. Akacheka kidogo, akasema mapadri walikuwa mmoja au wawili.

RUKIA: Basi. Na kuta zile zilivyo nene!

FIDELIS: Matofali ya kuchoma, na paa lote ni kuba na matao ya matofali. Miti mirefu ya kuezekea haiko karibu, kuna miti ya jangwani mifupi tu yenye miiba. Mama anasema ni Dodoma, isipokuwa miiba imerefuka.

RUKIA: Sisi Lamu chumba hakipanuki kuliko boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Wao wangekuwa na boriti wasingejisumbua na kuba. Halafu nje wakapaka nini, chokaa?

FIDELIS: Lipu ya chokaa. Na hapa ndipo nilitaka ufike. Ndani ya chokaa wametia ute wa mpungate.

RUKIA: Mpungate upi, ile dungusi kakati yenye viganja?

FIDELIS: Hiyohiyo. Viganja vinakatwakatwa, vinalowekwa mpaka maji yavute. Yale maji yanachanganywa na chokaa na mchanga. Mama alipoelezwa akasema, "Kumbe wamepaka mlenda." Na Mgogo akikuambia habari za mlenda, usibishane naye.

RUKIA: Hebu simama hapo. Si uliniandikia kwamba walikuwa wameweka simiti kabla?

FIDELIS: Karne ya 20, wakati wa kukarabati, baadhi ya sehemu za nje zilipigwa saruji. Walidhani wanaliimarisha. Maji ya mvua yakipata ufa yanaingia, saruji haiyaachii yatoke, yanabaki ukutani yanatafuta njia ya ndani. Na ndani kuna michoro kila mahali, malaika, mapazia ya kuchorwa, hata milango ya kuchorwa ambayo ukitaka kuifungua unagusa ukuta. Rangi zikaanza kubanduka. Ikabidi ile saruji waitoe, warudishe chokaa na ute.

RUKIA: Fidelis, mimi Jumanne usiku nimepigiwa simu kutoka Lamu. Nyumba ya babu. Kipande cha plasta, ukubwa wa mlango, kimeanguka dakani, pale barazani mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama palepale dakika mbili kabla.

FIDELIS: Mungu wangu. Yuko salama?

RUKIA: Mzima, alhamdulillahi. Mwaka juzi tulileta fundi akapiga simiti juu ya mawe ya matumbawe. Ilikuwa laini, inang'aa, sote tulifurahi. Na babu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa! Sisi wajukuu wa mchoma chokaa tumekwenda kununua simiti dukani.

FIDELIS: Pole sana, dada. Lakini kilichotokea ni kilekile. Jiwe linavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini...

RUKIA: ...na simiti imeziba. Chumvi ikasukuma kutoka nyuma. Nimekiona kile kipande kwenye picha, mgongo wake wote mweupe kwa chumvi, kama samaki aliyekaushwa. Ngoja niwaeleze wasikilizaji chokaa inachomwaje, maana wengi wanaijua ya mifuko. Babu alipanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, katikati ameacha tundu. Juu anamwaga mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Hiyo ndiyo tanuu. Moto unatiwa kwenye tundu, unawaka usiku kucha, sisi watoto tunakatazwa kusogea upande wa upepo. Ukiisha, mawe yamekuwa meupe na mepesi mkononi. Yakinyunyiziwa maji yanatoa sauti, sssss, yanapasuka yenyewe, yanakuwa unga. Halafu inaachwa. Babu alikuwa haigusi kwa miezi. Mtu akija na haraka ya kujenga, anamwambia, "Bado inalala."

FIDELIS: Na kwenye kupaka?

RUKIA: Kupaka ni kupiga. Mafundi wanapiga kwa ubao mpaka inakaza, wanarudi tena kesho wanapiga. Sasa nataka nikuulize, ule ute kazi yake nini hasa? Maana kwetu sikuwahi kusikia mlenda kwenye chokaa.

FIDELIS: Unaizuia isikauke haraka. Jua la hapa lingeipasua siku ya kwanza. Na inashika vizuri zaidi, maji ya mvua yanateleza, lakini ukuta bado unapumua. Mimi niliweka kiganja pale, karibu saa sita, jua kali. Ukuta ulikuwa vuguvugu, una nyufa nyembamba kama za yai lililochemshwa. Nimekaa nao muda mrefu kuliko niliokaa na altare.

RUKIA: Mipungate hata Malindi ipo, kando ya barabara. Kesho nakata viganja viwili nijaribu kwenye ndoo. Nitawaletea majibu.

FIDELIS: Anza na kipande kidogo cha ukuta.

RUKIA: Ukuta wa choo cha nje. Haya, tumekula muda. Turudi kwenye pesa.

FIDELIS: Padri Juan Bautista Velderrain, aliyeanzisha ujenzi, alikopa peso 7,000 kwa mfugaji mmoja, Antonio Herreros. Rehani aliyoweka ni ngano. Na ngano yenyewe ilikuwa haijapandwa.

RUKIA: Ngano ya nani?

FIDELIS: Ya misheni.

RUKIA: Anayepanda nani? Anayevuna nani?

FIDELIS: Wao'odham.

RUKIA: Kwa hiyo padri ameweka rehani jasho la watu ambao hawakuwepo kwenye mkataba. Mimi hapo ndipo kanisa linaponibadilikia. Uzuri wake nauona. Lakini ukisema Wahispania wamejenga, umedanganya, na ukisema Wao'odham wamejenga ukanyamaza hapo, ni kama unasema walijitolea.

FIDELIS: Mimi sisemi walijitolea wote. Nasema ni lao, na wamelifanya lao kwa hiari. Angalia kilichofuata. Meksiko, ambayo huku kulikuwa sehemu yake wakati huo, ikapata uhuru 1821, mapadri wazaliwa wa Hispania wakafukuzwa 1828, na baadaye kwa miaka mingi kijiji hakina padri anayekaa pale. Nani angewalazimisha? Wangeweza kuchukua matofali wakajengea nyumba zao. Vyombo vya misa wakavificha majumbani. Mwaka 1859 padri alipokuja kutoka mji wa Santa Fe, New Mexico, vilikuwepo.

RUKIA: Kutunza jasho la babu yako hakuna maana kwamba babu yako alilipwa. Mimi ile nyumba ya Lamu naililia, lakini najua mawe yale mengine yalibebwa na watumwa. Siwezi kuwaondoa kwenye hadithi eti kwa sababu naipenda nyumba. Na Wao'odham walishasema mapema. Mwaka 1751 waliinuka, kiongozi wao Luis Oacpicagigua, misheni nyingi zikashambuliwa, na San Xavier ikiwemo.

FIDELIS: Najua. Lakini hilo ni kabla ya jengo hili kwa miaka 32. Dada, ukimwambia yule mama aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni kwamba anachokishika ni jeraha, unamnyang'anya kitu. Alikuwa Mwo'odham, amebeba picha ya mwanawe, analia. Sala ile si ya Mhispania.

RUKIA: Sijamnyang'anya sala yake. Nimeuliza ngano.

FIDELIS: Na mimi nasema ngano haimalizi habari.

RUKIA: Haimalizi. Lakini wewe unataka ianzie kwenye vyombo vilivyofichwa, mimi nataka ianzie shambani.

FIDELIS: Babu yangu alibatizwa na wamisionari, Rukia. Alichimba msingi wa kanisa letu na hakulipwa senti. Hadi anakufa alikuwa anasema "kanisa langu". Nitamwambia hakujua anachosema?

RUKIA: Sikuambii umwambie hivyo. Ila wewe mjukuu unayejua hakulipwa, useme.

FIDELIS: Nimeshasema.

RUKIA: Leo. Kwa sababu nimekuuliza.

FIDELIS: ...Haya. Hapo hatutakutana.

RUKIA: Hatukutani, na mimi siondoki nilipo. Tuna dakika ngapi?

FIDELIS: Tatu. Na yale mambo yako matatu ya mwenye nyumba ya kale?

RUKIA: Hayatoshi dakika tatu. Yaweke, labda nikishajaribu ule ute. Na ukarabati wa ndani je, ulioniambia?

FIDELIS: Kwa kifupi, 1992 mpaka 1997. Waliletwa wataalamu wa kusafisha michoro kutoka nje, wakafanya kazi pamoja na vijana wa Kio'odham wakiwafundisha. Masizi ya mishumaa ya miaka 200, wanafuta kwa vipamba vidogo. Halafu sikuwaambia habari ya paka na panya! Juu ya mlango, huku amechongwa paka, kule panya, wanatazamana. Wanasema siku paka akimkamata panya ndio mwisho wa dunia. Mama alimtafuta yule panya kwa robo saa.

RUKIA: Alimwona?

FIDELIS: Alimwona. Akasema bado wako mbalimbali, twendeni tukale. Pale uwanjani Wao'odham wanauza mkate wa kukaanga kwenye mafuta, mpana kama sahani. Alikula miwili.

RUKIA: Fidelis. Kichwa.

FIDELIS: Ndiyo.

RUKIA: Alikiinua?

FIDELIS: Hakukiinua. Alipitisha mkono chini ya kisogo, kama unavyomshika mtoto mchanga anayenyonya, akabaki hivyo. Nikamwambia, Mama, inua, watu wanasubiri. Akasema, "Amechoka huyu, ametoka mbali." Akamrekebishia shuka, akapita.

RUKIA: Hebu mwite aje asalimie.

FIDELIS: Mama! Mama, njoo, ni yule Rukia wa Malindi.