Njia Sita za Kufika Macon

Asanteni, karibuni viti. Walioko nyuma sogeeni mbele tafadhali, maana leo kuna kuhesabu na nitahitaji mikono yenu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kila mkisikia "moja", pigeni kofi: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Tena: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Mmeona mnapojikwaa? Ni pale mwisho. Mwili unangojea tatu, tatu haiji, mzunguko umeshaanza upya. Jumla yake ni kumi na moja.

Ndivyo unavyofunguliwa wimbo uitwao "Whipping Post", uliotungwa mwaka 1969 na kijana wa miaka 21, Gregg Allman. Alisimulia mwenyewe kwamba ulimjia usiku, hana karatasi wala kalamu, akayaandika maneno kwa masizi ya njiti za kiberiti kwenye kitambaa cha ubao wa kupigia pasi. Alisimulia pia kwamba hakujua kuwa anahesabu kumi na moja. Kwake zilikuwa tatu tatu tatu, na mbili za kumrudisha mwanzo. Kaka yake Duane ndiye aliyemfungua macho.

Nimeanza hapo makusudi. Bendi yao, Allman Brothers Band, mara nyingi hupewa jina moja tu, "roki ya Kusini mwa Marekani", na mazungumzo yakaishia hapo. Jina hilo halinitoshi. Mtu akiniuliza bendi ile ilipiga muziki gani, namjibu aniulize kwanza kila mmoja wao alilelewa na muziki gani. Walikuwa sita, na hakuna aliyeambiwa aache mlangoni alichokuja nacho.

Duane alizaliwa Nashville mwaka 1946, Gregg mwaka uliofuata. Baba yao alikuwa askari. Siku moja baada ya Krismasi ya 1949, huko Virginia, alimpa mtu lifti, na mtu yule akampiga risasi akafa. Duane alikuwa na miaka mitatu. Mama yao, Geraldine, akabaki na watoto wawili na hana kazi ya kuwalisha. Akaenda kusomea uhasibu, na watoto akawapeleka shule ya bweni ya kijeshi kule Lebanon, Tennessee. Wote wawili waliichukia shule ile. Nawaombeni mkumbuke habari hii mkisikia sauti ya Gregg. Wengi husema, "Kijana wa Kizungu huyu, uchungu ule kautoa wapi?" Sisemi uchungu wa mtu mmoja ni sawa na wa watu wengine, na nitalirudia jambo hilo. Nasema tu kwamba hakuwa anaigiza.

Mwaka 1959 familia ikahamia Daytona Beach, Florida. Wa kwanza kununua gita alikuwa mdogo, Gregg, kwa pesa alizopata akigawa magazeti mtaani. Duane alikuwa na pikipiki. Lakini kila akirudi nyumbani analikamata gita la mdogo wake, hata wakawa wanagombana kwa ngumi. Mwishowe pikipiki ikaharibika, vipuri vikauzwa, Duane akapata gita lake, na haukupita muda akaacha shule. Kati ya hapo, walipokwenda Nashville kwa bibi yao, walimwona B.B. King, mpiga gita wa bluzi, jukwaani. Duane alitoka pale ameshajua atafanya nini maishani.

Sasa kuna kichupa. Mwaka 1968 Duane alikuwa anaumwa, na mdogo wake alimletea zawadi mbili: santuri ya mwanamuziki aitwaye Taj Mahal na kichupa cha vidonge vya mafua aina ya Coricidin. Duane akasikia wimbo wa "Statesboro Blues", gita linateleza juu ya nyuzi kama mtu anayelia. Akamwaga vidonge, akabandua karatasi ya kichupa, akakivaa kidoleni, akaanza. Sauti ile ya kuteleza inayojulikana duniani kote ilitoka kwenye kichupa cha dawa.

Lakini fuateni njia ya wimbo wenyewe. Uliimbwa na kurekodiwa mwaka 1928 na Blind Willie McTell, mtu mweusi wa Georgia, asiyeona. Miaka 40 baadaye ukachukuliwa na Taj Mahal, na aliyetelezesha gita kwenye santuri yake ni Jesse Ed Davis, mwenyeji wa asili wa Marekani kutoka Oklahoma. Kutoka kwake ukafika kwa kijana wa Kizungu kitandani. Halafu kijana huyo akaurudisha Georgia, ulikozaliwa. Nikisikia mtu anasema muziki fulani "ni wa watu fulani tu", huwa naukumbuka mzunguko huu. Vilevile huwa nalikumbuka jina la McTell, maana aliyeanza asisahauliwe kwa sababu aliyefuata alikuwa na spika kubwa zaidi.

Kabla ya bendi, Duane alifanya kazi ya kukodiwa studio za Muscle Shoals, Alabama. Huko alipiga gita nyuma ya Wilson Pickett, nyuma ya Aretha Franklin. Watu wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, walimkubali kwa sababu alisikiliza kabla ya kupiga. Na huko ndiko aliyekuja kuwa mtu wa kwanza wa bendi alikomfuata.

Huyu ndiye ninayetaka tukae naye. Anaitwa Jaimoe. Jina lake la kuzaliwa ni John Lee Johnson, amezaliwa Mississippi mwaka 1944 na kukulia Gulfport. Alikuwa mpiga ngoma wa safari: amempigia Otis Redding, amempigia Percy Sledge, amempigia Joe Tex. Kazi ile ya soul ilitaka nidhamu kali na ilikuwa na malipo madogo. Moyo wake lakini ulikuwa kwenye jazi, kwa John Coltrane, na alikuwa na nia ya kwenda New York kuipiga. Akasikia habari za Mzungu mmoja mwembamba anayepiga gita Muscle Shoals, akaenda kumwona. New York hakwenda tena.

Jaimoe alikuja na santuri zake. Wenzake walikaa wakasikiliza Miles Davis na Coltrane usiku kucha, na Duane alikiri kwamba "Kind of Blue" ya Miles aliisikiliza kwa miaka kadhaa bila kuichoka. Mkitaka kujua kwa nini vijana wa bluzi waliweza kupiga wimbo mmoja dakika 23 pasipo kumchosha msikilizaji, jibu liko hapo. Katika jazi walijifunza kumwachia mwenzako nafasi, kungoja, na kupandisha polepole. Kwa maoni yangu bendi ile ilikuwa shule, na mwalimu alikuwa Jaimoe. Jina la ndugu wawili liko juu ya jalada, nami sina ugomvi nalo. Ila masikio ya bendi yalinolewa na mtu huyu.

Duane alitaka wapiga ngoma wawili, kama alivyoona kwenye bendi za soul. Akamchukua Jaimoe mpaka Jacksonville, Florida, nyumbani kwa Butch Trucks. Butch alikuwa kijana wa familia ya Kibaptisti, amekulia katika mji uliotenganisha Wazungu na weusi kanisani, shuleni na mezani. Kwa upande wa muziki alisoma mpaka akapiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra, na timpani hizo baadaye alizipandisha jukwaani. Butch alieleza mara nyingi kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kuwa na rafiki mweusi. Duane akawatambulisha, akaondoka. Watu wawili wakabaki na ngoma zao. Butch aliyasema haya waziwazi hata uzeeni, kwamba kukaa na Jaimoe kulimbadilisha namna alivyowaona binadamu wenzake. Namheshimu kwa kulisema bila kulipamba.

Nyinyi mnaopiga katika bendi za dansi mtanielewa upesi. Drum na tumba zikikaa pamoja, mmoja anashika njia, mwingine anachombeza. Basi Butch ndiye aliyeshika njia, anakwenda kama treni ya mizigo, hageuki. Jaimoe anachombeza pembeni, anaingia pale usipomtarajia na kutoka kabla hujamzoea. Wawili wangeshika njia, ingekuwa kelele.

Kuhusu Berry Oakley nitasema machache. Alizaliwa Chicago, mji wa bluzi ya umeme, akaanza na gita la solo kabla ya kuhamia besi, na mazoea ya solo hayakumtoka. Besi yake haikai chini ya nyumba kama msingi, inatembea vyumbani. Rudini kwenye ile kumi na moja tuliyoipiga makofi. Anayeifungua kwenye santuri ni besi ya Berry.

Dickey Betts yeye alitoka upande mwingine kabisa: Florida ya mashamba, familia ya wapiga fidla na banjo, muziki wa kantri. Alishika ukulele akiwa na miaka mitano. Aliposimama na Duane hawakugawana kwa kawaida yetu, huyu solo yule ridhimu. Walipiga solo mbili kwa pamoja, sauti mbili za wimbo mmoja, kama wapiga fidla wa kwao walivyokuwa wakifanya. Duane analeta uchungu wa bluzi, Dickey analeta utamu wa kantri, na wakikutana hujui tena uchungu unaishia wapi. "In Memory of Elizabeth Reed" ni utungo wake, hauna neno hata moja. Jina alilitoa kwenye jiwe la kaburi katika makaburi ya Rose Hill, alikozoea kwenda kukaa na gita.

Rose Hill iko Macon, Georgia. Walihamia huko mwaka huohuo wa 1969, na si kwa bahati. Macon ni mji wa mwimbaji Little Richard, aliyezaliwa pale mwaka 1932, na ni mji aliolelewa Otis Redding. Meneja wa Otis alikuwa Phil Walden. Otis alipokufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, akiwa na miaka 26, Walden alibaki na ofisi na majonzi. Kampuni ya santuri aliyoianzisha baadaye, Capricorn, ndiyo iliyoichukua bendi hii. Kwa hiyo nyumba waliyokaribishwa ilijengwa na muziki wa mtu mweusi. Hilo wengi hulipita haraka.

Mwanzoni walikuwa na njaa. Kulikuwa na mkahawa wa wanawake wawili weusi, Inez Hill na Louise Hudson, uitwao H&H. Wakaingia vijana wa nywele ndefu, wakaagiza sahani mbili na uma kwa watu wote. Louise akawatazama, akampakulia kila mtu sahani yake. Watu wa Macon walimwita Mama Louise, nao wakamwita hivyo hivyo. Walipopata pesa walilipa, na baadaye walisafiri naye katika ziara yao. Tukumbuke mwaka. Sheria ya kukataza ubaguzi hotelini na mikahawani ilikuwa ya 1964, haijatimiza hata miaka sita, na barabara za Georgia na Alabama hazikubadilika siku ilipotiwa saini. Bendi ilipita humo na Jaimoe ndani ya gari.

Niliahidi kurudia jambo. "Whipping Post" maana yake ni nguzo ya kuchapia viboko. Gregg anaimba kwamba mapenzi yamemfunga kwenye nguzo hiyo. Sasa, kule Kusini, nguzo zile zilifunga migongo ya nani? Swali hili hunijia kila ninapousikiliza wimbo, na sipendi kulikwepa kwa sababu naupenda. Kijana aliazima mateso ya watu wengine kuelezea moyo wake uliovunjika. Na nyuma yake, usiku baada ya usiku, anapiga ngoma mtoto wa Mississippi. Nikisikiliza, masikio yangu huondoka kwenye maneno, yakaenda kwa Jaimoe.

Machi 1971 walirekodi jukwaani New York, ukumbi wa Fillmore East. Aliyesimamia ni Tom Dowd, fundi aliyewahi kumrekodi Coltrane. Santuri ilitoka Julai. Tarehe 29 Oktoba 1971 Duane alipata ajali ya pikipiki Macon, akafa, miaka 24. Tarehe 11 Novemba 1972 Berry naye, pikipiki, Macon, mitaa michache kutoka pale pale, miaka 24. Wamelazwa pamoja Rose Hill.

Besi ikashikwa na Lamar Williams, mtu mweusi, rafiki wa Jaimoe tangu utoto Gulfport, aliyekuwa ametoka vita vya Vietnam. Naye saratani ilimchukua mwaka 1983. Bendi iliendelea, ikavunjika, ikarudi, mpaka onyesho la mwisho la Oktoba 2014. Butch alifariki Januari 2017, Gregg Mei mwaka huohuo, akazikwa karibu na kaka yake. Tarehe 18 Aprili 2024 akafariki Dickey Betts. Katika wale sita, akabaki Jaimoe.

Nimekuja na santuri ya Fillmore, na fundi mitambo yuko tayari. Tutasikiliza mara mbili. Mara ya kwanza sikilizeni mpendavyo. Mara ya pili, nawaombeni, yaacheni magita, mwacheni mwimbaji, mtafuteni mpiga ngoma yule anayechombeza. Haya, mikono tayari kwa kumi na moja.